Vidole vinageuka rangi? Jinsi ya kuiwahi skleroderma kabla ngozi haijakakamaa

Mtu akisikia skleroderma anawaza ngozi ngumu, na jina lenyewe ndo linapotosha, limetoka kwenye Kigiriki, "skleros" ni ngumu na "derma" ni ngozi, sasa watu wanakaa wanasubiri ngozi ikakamae ndo waende hospitali wakati ugonjwa ulishaanza kwenye vidole miaka nyuma. Nimekaa muda mrefu karibu na watu wanaoutafiti huu ugonjwa na wanaouumwa, na kinachoniuma kila mara ni kile kile, mgonjwa anafika mapafu yameshapata makovu na ukimuuliza vidole vilianza lini anakwambia ahh, hivyo ni vya siku nyingi. Kwa hiyo tuanzie kwenye vidole.

Kwanza ujue kinachoendelea mwilini. Kinga ya mwili inageuka inashambulia mwili wenyewe, mishipa midogo sana ya damu inaumia, alafu mwili unaanza kujaza makovu kwenye ngozi na ndani kwenye mapafu, moyo, figo, njia ya chakula. Hauambukizi kabisa. Wanawake wanaupata zaidi, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50 hivi, ila wanaume nao wanapata, na kuna waliopata baada ya kuvuta vumbi la silika, yaani vumbi la mawe, kazini kwa muda mrefu, mwaka 1957 daktari Erasmus aliandika kuhusu wachimba dhahabu wa Afrika Kusini waliokuwa hivyo. Kama uliwahi kufanya kazi ya kupasua au kuchonga mawe, mwambie daktari hata asipouliza.

Sasa vidole. Ukishika maji ya baridi au ukipata stresi vidole vinakuwa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu damu inaporudi, na vinauma au vinakufa ganzi. Hiyo inaitwa Raynaud, kwa jina la Mfaransa Maurice Raynaud aliyeielezea mwaka 1862. Usiogope mapema, watu wengi sana wana Raynaud ya kawaida isiyo na ugonjwa wowote nyuma yake, hasa ikianza ukiwa binti mdogo na vidole vyote vinashikwa sawasawa. Inayotakiwa kukushtua ni ile inayoanza ukubwani, kuanzia miaka 30 na kuendelea, au inayotoa vidonda kwenye ncha za vidole, au inayokuja pamoja na vidole kuvimba mpaka pete haitoki asubuhi. Hiyo ya vidole kuvimba watu wanaipuuza mno! Wanasema nimenenepa. Na kwa ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani vizuri upande wa juu wa mkono, kwa hiyo geuza uangalie viganja na chini ya kucha, na ikitokea piga picha hapo hapo na simu kwenye mwanga mzuri, maana ukifika kwa daktari vidole vitakuwa vimesharudi sawa na utabaki unaelezea kwa mdomo tu.

Ukiwa na dalili hizo omba vitu viwili, narudia viwili, kimoja peke yake hakitoshi. Cha kwanza ni kipimo cha damu cha kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili ambazo hapa zinalenga mwili wenyewe. Wanaanza na ANA, kipimo cha jumla cha kingamwili zinazolenga kiini cha seli, na hapa watu wengi wanapata presha bure, mtu anaona ANA chanya anakwenda intaneti anajizika mwenyewe. Sikiliza, kwenye kiwango cha 1:40, yaani damu ikizimuliwa mara 40, karibu watu 3 kati ya 10 wazima kabisa wanatoka chanya, na hata kwenye 1:160 bado ni kama 5 kati ya 100. ANA peke yake sio ugonjwa. Uliza swali la pili, ni kingamwili gani hasa? Kuna tatu za kuzijua kwenye skleroderma. Ya senteromia inaendana zaidi na aina ya skleroderma inayokaza ngozi ya maeneo machache, inayokwenda polepole lakini baada ya miaka inaweza kupandisha presha ya mishipa ya mapafu. Ya Scl-70 inaendana na makovu ya mapafu. Ya RNA polimerasi III inaendana na ngozi kukaza haraka na figo kupata shida ya ghafla, na pia daktari huwa anaangalia saratani kwa sababu kwa baadhi ya watu vinakuja pamoja. Kwa hiyo ukiambiwa tu "una kingamwili" usikubali kuondoka, omba jina na uandike.

Cha pili ni kuangalia mishipa iliyopo pale ngozi inapokutana na kucha, wanaita kapilaroskopi. Haiumi, hakuna sindano, wanaweka tone la mafuta wanaangalia kwa lenzi, na mara nyingi kidole cha pete ndo kinaonyesha vizuri. Kwa mtu asiye na ugonjwa mishipa imejipanga kama meno ya kitana, kwa mwenye ugonjwa utaona mingine imetanuka mikubwa ajabu, vidoa vya damu, na sehemu nyingine mishipa imeisha kabisa. Wiki chache kabla ya kipimo usikate wala kung'ata ile ngozi ya pembeni ya kucha, toa rangi ya kucha, na ukifika kaa kwanza kwenye chumba chenye joto la kawaida dakika 15 au 20 hivi kabla hujawekwa kwenye lenzi.

Kwa nini nasisitiza viwili? Watafiti wa Montreal, Canada, walifuatilia watu 586 wenye Raynaud kwenye utafiti wa miaka 20, wakatoa matokeo mwaka 2008. Waliokuwa na kingamwili za skleroderma na mishipa ya kucha iliyoharibika kwa pamoja, karibu 80 kati ya 100 waliishia na ugonjwa kamili. Waliokosa vyote viwili ni wachache mno walioupata. Yaani hivi vipimo viwili vinaweza kukupa usingizi au kukupa miaka ya kujiandaa, na ndo mana hata vigezo vilivyotolewa 2013 na vyama vya madaktari wa magonjwa haya vya Marekani na Ulaya vinahesabu Raynaud pointi 3, kingamwili pointi 3, mishipa ya kucha pointi 2, vidole kuvimba pointi 2, na ukifika 9 unahesabiwa unao, hata kama ngozi ya mikono na uso bado laini.

Ngozi yenyewe inapimwa kwa vidole vya daktari tu, hakuna mashine, anabana ngozi sehemu 17 za mwili na kutoa alama 0 hadi 3 kila sehemu, jumla ya juu kabisa 51. Omba akwambie namba yako na tarehe.

Ikishathibitika, usikae na tiba ya vidole peke yake, mapafu yaangaliwe SIKU ZA MWANZO hata kama hukohoi. Eksirei ya kifua inakosa makovu madogo, kinachotakiwa ni siti skani ya mapafu pamoja na kipimo cha kupuliza, na kwenye kupuliza muulize daktari kuhusu namba mbili, ujazo wa hewa na uwezo wa gesi kupita kwenda kwenye damu. Hiyo ya pili ikishuka peke yake wakati ujazo uko sawa, mishipa ya mapafu inabidi ichunguzwe, na eko ya moyo, yaani kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, inaingia hapo. Dawa zipo siku hizi, mikofenoleti na nintedanibu kwa mapafu zimepita kwenye majaribio makubwa, sio kama zamani mtu anaambiwa nenda nyumbani.

Alafu figo, na hapa nisikilize vizuri. Nunua mashine ya presha. Kama ngozi inakaza haraka na uko kwenye miaka ya mwanzo, au una RNA polimerasi III, pima mara kwa mara na uandike. Presha ikiruka ghafla kupita kawaida yako, na kichwa kinauma au macho yanaona ukungu au pumzi inakata, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kabla ya dawa za kushusha presha aina ya kaptopirili watu walikuwa wanakufa, ripoti ya 1990 ilionyesha kwa waliopata shida hiyo ya figo, waliofikisha mwaka bila dawa hizo ni 15 kati ya 100, waliozitumia ni 76. Ila usizimeze mwenyewe kama kinga kabla tatizo halijatokea, haisaidii hivyo. Na steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, za dozi kubwa, kuanzia miligramu 15 za prednisoloni kwa siku, zinaongeza hatari ya figo, kwa hiyo ukiandikiwa na mtu asiyejua ugonjwa wako mwambie una skleroderma kabla hujameza.

Vidole huku nyuma vitunze. Joto la mwili mzima linasaidia kuliko glavu peke yake, kifua kikiwa na joto mikono inafuata. Sigara acha. Dawa za mafua zenye sudoefedrini, za kipandauso zenye ergotamini, na baadhi ya dawa za moyo zinabana mishipa, kwa hiyo soma karatasi ya ndani au muulize mfamasia. Kidonda kwenye ncha ya kidole kikianza kuuma sana au kutoa usaha au kugeuka cheusi, hiyo ni ya hospitali leo, na ukienda beba lile daftari lenye jina la kingamwili, namba za mapafu na za presha, umpe daktari mkononi kabla hajaanza kukuuliza.