Ndugu yako akifungwa: namna ya kukitumikia kifungo ukiwa nje

Hakimu akishasoma hukumu macho yote yanaenda kwa aliye kizimbani, mama aliyekaa benchi la nyuma hakuna anayemwona. Mi nilikuwa kwenye hilo benchi siku kaka yangu alipopigwa mvua sita, na miezi minne ya mwanzo nilifanya karibu kila kosa ambalo ndugu wa mfungwa anaweza kulifanya, kwa hiyo humu mengine nimeyajua kwa kuumia na mengine niliyasoma baadae nikabaki najiuliza mbona hakuna aliyeniambia mapema.

Siku za mwanzo

Kulia utalia tu, hilo halina mjadala, ila kuna vitu havisubiri umalize. Cha kwanza ni rufaa. Muda wa kukata rufaa unahesabiwa kwa siku, na ukishapita, kuomba muongezewe ni kazi nyingine na mnaweza mkakataliwa. Muulize wakili siku hiyohiyo mna siku ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini, alafu uandike mahali. Kama hamna wakili ulizia msaada wa kisheria wa bure, na uulize pia gerezani, kwa sababu sehemu nyingi mfungwa anaweza kupeleka notisi yake ya rufaa akiwa hukohuko ndani.

Cha pili jua yuko wapi na namba yake ya mfungwa ni ipi. Jina peke yake halitoshi, ukifika getini utasumbuliwa wee mpaka ukome. Wafungwa wanahamishwa, wakati mwingine bila nyie kujua, kwa hiyo kabla ya kufunga safari hakikisha bado yupo. Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilipitishwa Desemba 2015 na zipo 122, ya 68 inasema mfungwa ana haki ya kuijulisha familia yake mara moja kwamba amefungwa, amehamishwa au anaumwa sana. Sio sheria ya kumshtakia mtu, ni mwongozo, lakini ukimwambia ofisa kwa heshima kwamba unaijua unaona kabisa namna anavyobadilisha mazungumzo.

Cha tatu, na hiki watu wanakisahau, ni saini. Mkataba wa nyumba, akaunti, mkopo, vitu vya shule za watoto, vyote vinataka mkono wa mtu ambaye hayupo. Tafuta mapema barua ya kisheria inayokupa mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Na jiandae na matapeli, maana atapiga mtu anajiita askari au karani anakwambia anaweza kulishughulikia jambo lako ukimtumia kitu kidogo leo kabla ya saa kumi. Kata simu.

Jela inachukua nini hasa

Mi nilidhani jela inamnyima mtu kutembea basi. Kaka alikuja kuniambia kutembea unazoea, kinachokumaliza ni kutokuamua. Kuamka unaamshwa, taa anazima mtu mwingine, mlango hauufungui wewe wala huufungi wewe, utakula nini na saa ngapi na utakaa na nani ndani ya chumba, yote yameshapangwa na mtu ambaye hata jina lako hana haja nalo. Miaka ya nyuma kuna mwanasosholojia anaitwa Donald Clemmer, alikuwa anafanya kazi ndani ya gereza huko Marekani, mwaka 1940 akaandika jinsi mfungwa anavyolowana polepole na tabia za gerezani, lugha yake, sheria zake zisizoandikwa, mpaka maisha ya nje yanakuwa ndio mageni kwake. Akili ya mtu inajikunja ili itoshe kwenye kile chumba.

Utaona dalili. Anakuwa na machale muda wote, anakaa mgongo kwenye ukuta, analala usingizi wa paka. Uso unakuwa wa jiwe, kwa sababu ndani ukionyesha umeumia umewapa wenzako fimbo ya kukuchapia. Sasa wewe unaenda kumwona, umetoka mbali, unamkuta kakauka hivyo, unaondoka unalia unasema hanipendi tena. Sivyo. Lile ni koti la kule, hawezi kulivua kwa nusu saa alafu alivae tena kurudi sero. Akifungiwa peke yake ndio mbaya zaidi, zile Kanuni za Mandela zinaita hiyo ni upweke pale mtu anapokaa masaa 22 au zaidi kwa siku bila mazungumzo ya maana na binadamu, na zikizidi siku 15 mfululizo zinakataza kabisa. Ukisikia ndugu yako yuko huko hesabu siku, na umwambie wakili.

Kwenda kumtembelea

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoharibu.

Mwanzoni nilikuwa naenda na orodha ya lawama. Mama anaumwa presha kwa ajili yako, shemeji kahama, watoto wanachekwa. Nusu saa yote ni kesi, mi hakimu. Au nageuza upande wa pili, nadanganya kila kitu kiko poa, na yeye anajua nadanganya, tunabaki tunaangaliana tu. Kilichokuja kusaidia nilikigundua kwa bahati. Siku moja sikuwa na la kusema nikamuuliza, mtoto wako wa kwanza anataka kuacha sayansi asome masomo ya biashara, unaonaje? Akanyamaza. Alafu akaanza kuuliza maswali, mwalimu anasemaje, hesabu alipata ngapi, na akataka nimpe siku mbili afikirie kabla ya kuandika barua. Aisee, sikuwa nimemwona hivyo tangu hukumu.

Tangu hapo kila nikienda nabeba swali moja la kweli linalotaka uamuzi wake. Sio swali la kumfurahisha, akigundua umeshaamua unamzuga tu umemdhalilisha. Pikipiki tuuze au tutengeneze, nani asimamie harusi ya mdogo wetu, mambo ya namna hiyo, alafu mkirudi nyumbani mnafanya alichosema hata kama wewe ungefanya vingine. Mtu anayesubiriwa jibu lake na watu nje bado ni baba, bado ni kaka.

Mambo madogo ya siku yenyewe: uliza kabla nguo gani haziruhusiwi, vitu gani vinapokelewa na siku zipi, fika mapema sana, beba kitambulisho. Utapekuliwa, na wapekuzi wengine hawana lugha nzuri, ila kanuni ya 60 inasema upekuzi wa wageni usiwe wa kudhalilisha na kwa mtoto usihusishe kuingiza chochote mwilini. Ukidhalilishwa omba kuongea na mkubwa wao, kwa sauti ya chini, maana ukigombana pale geti anayelipia ni aliye ndani. Dakika tano za mwisho usilete habari mpya nzito. Atabaki nayo usiku kucha na hana pa kuipeleka.

Na nenda hata kama anasema usije. Wengi wanasema hivyo kwa aibu. Mwaka 2011 idara ya magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilitoa utafiti wa wafungwa zaidi ya 16,000 waliotoka, ikakuta waliowahi kutembelewa hatari yao ya kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa ilikuwa pungufu kwa asilimia 13.

Kama gereza ni mbali andika barua, na zipe namba, barua ya 1, ya 2, ya 3, ili akiruka kutoka ya 4 kwenda ya 6 ajue kuna moja imekwama mahali. Barua zinasomwa na simu zinasikilizwa kwa hiyo mambo ya kesi usiyaandike humo kabisa. Nelson Mandela miaka yake ya mwanzo kisiwani Robben aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila miezi sita, yani mara mbili kwa mwaka, so mwenye nafasi ya kuandika kila wiki akashindwa kwa uvivu mi namshangaa.

Msiba ukitokea nyumbani usimpe habari kwa barua wala kwa mfungwa mwenzake. Mama yake Mandela alifariki 1968, mwanae wa kwanza mwaka uliofuata kwa ajali ya gari, na kote alikataliwa kwenda kuzika. Leo kanuni ya 70 inasema mfungwa aambiwe mara moja, na hali ikiruhusu apelekwe kumwona mgonjwa au kuzika, kwa hiyo ombeni, kwa maandishi, hata kama mnahisi mtakataliwa. Mtafuteni ofisa wa ustawi au kiongozi wa dini wa pale gerezani ndio amwambie ana kwa ana, akae nae kidogo.

Watoto

Kasafiri. Yuko masomoni. Anafanya kazi mbali. Tuliyasema yote hayo, mpaka mtoto wa miaka saba akaja na ukweli kutoka kwa mwenzake wa darasani, na ukweli wa watoto wenzake ulikuwa na nyongeza. Kilichomuuma hakikuwa jela, ni kwamba sisi wote tulijua. Mwambieni nyie, mapema, kwa maneno mafupi: baba alivunja sheria, ameadhibiwa, yuko gerezani, anakula na analala, anakupenda, na SIO kosa lako. Hilo la mwisho lirudie hata kama hajauliza, watoto wadogo wanaamini vitu vya ajabu, wa kwetu alidhani baba kachukuliwa kwa sababu yeye alivunja simu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa 1989, ibara ya 9, unampa mtoto haki ya kuonana na mzazi aliyetenganishwa nae isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru. Kabla hujampeleka mweleze atakachoona, geti, sare, kupekuliwa, na kama kuna kioo katikati mwambie kabisa kwamba hataweza kumkumbatia. Mwalimu mmoja shuleni ajue, mmoja tu, unaemwamini. Ukiona anaanza kukojoa kitandani, kupigana, au amekuwa mpole kupita kiasi ghafla, usimchape, zungumza nae.

Wewe uliyebaki

Huu ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kukaa na wewe, wengine wanavuka barabara wakikuona. Pesa inapungua upande mmoja na gharama zinaongezeka upande wa pili, nauli za kwenda gerezani, wakili, vitu vya kumpelekea. Weka kiwango cha mwezi cha kumtumia na umwambie hicho kiwango, usikope ili kumpelekea vitu, maana deni lako litamfikia huko na atashindwa kulala. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli wote. Na kama aliyefungwa alikuwa anakupiga au aliwadhuru watoto, yote niliyoandika juu hapo kuhusu kutembelea hayakuhusu wewe, una ruhusa ya kutokwenda, na ndugu zake wasikusukume.

Kutoka

Watu wanaandaa sherehe. Msiandae. Mtu aliyeishi miaka na kelele za chuma ukimwingiza kwenye nyumba yenye watu hamsini na spika atajifungia chooni, na wa kwetu alijifungia.

Wiki mbili za kwanza ndio za kuangalia kwa makini. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007, uliwafuata watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani ukakuta ndani ya hizo wiki mbili hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya watu wengine, na sababu iliyoongoza ni kuzidisha dawa za kulevya. Mwili ulishasahau, mtu anarudia kipimo chake cha zamani, anaondoka. Kama ndugu yako alikuwa anatumia, liongeleeni waziwazi kabla hajatoka. Kama yuko kwenye dawa za hospitali, za kifua kikuu, ARV, presha, akili, hakikisha anatoka na dozi ya siku kadhaa na karatasi ya daktari, na kliniki ya nje mmeshaipata. Vitambulisho vianze kushughulikiwa mapema, bila hivyo hapati kazi wala laini ya simu.

Mpe ufunguo wa nyumba siku hiyohiyo. Asipoutumia usimseme. Kaka wiki nzima alikuwa anakaa sebuleni anasubiri aambiwe, ukimuuliza utakunywa nini anasema chochote, tutoke saa ngapi, vyovyote utakavyoona wewe. Mke wangu akawa anamjibia kwa huruma, nikamwomba aache. Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki, usiku wa Jumapili nikamuuliza kesho tuondoke saa ngapi, akasema wewe uonavyo, mi nikanyamaza. Nikakaa kimya nikiangalia tivi iliyozimwa, dakika kama kumi hivi, nilitamani sana nimjibie. Mwisho akakohoa akasema saa tatu. Tukaondoka saa tatu, ingawa kliniki ilikuwa inafungua saa mbili na tulikuta foleni mpaka nje.