Somo: Namna ya kutopoteza kesi ya madai kwa kukaa kimya

Nimechoka kuulizwa jambo hilohilo kila ninaposhuka mjini Moshi, hivyo naliandika hapa mara moja. Mimi si wakili. Ni muuza mbao aliyeshindwa kesi bila hoja zake kusikilizwa. Ninazungumzia Mahakama ya Wilaya na zilizo juu yake, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake.

Hatua ya 1. Pokea wito, uandike tarehe uliyoupokea.

Hatua ya 2. Wasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21. Ukikwama, omba nyongeza kabla muda haujaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, ukitoa sababu ya msingi; nyongeza yenyewe ni siku 10.

Hatua ya 3. Hudhuria kila tarehe.

Hatua ya 4. Ukikuta imetoka hukumu ya upande mmoja, yaani iliyotolewa bila wewe kusikilizwa, omba itenguliwe ndani ya siku 30, maombi yakiambatana na kiapo.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipoteleza. Hakimu aliposema kwamba maombi yangu ya kutengua hukumu yatasikilizwa kwa njia ya maandishi, yaani kila upande uwasilishe hoja zake kwenye karatasi kwa tarehe zilizopangwa badala ya kuzisema kwa mdomo, niliitikia "sawa mheshimiwa", nikaandika ratiba nyuma ya risiti ya mbao, na risiti ile ikafuliwa pamoja na suruali. Sikuhangaika, kwa kuwa nilidhani siku ikifika nitasimama na kueleza kwa mdomo jinsi nilivyokuwa nikiuguza hospitalini. Nilifika nimevaa koti, lakini jalada halikuwa na karatasi yangu hata moja. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba kutowasilisha hoja za maandishi ulizoamriwa ni sawa na kutohudhuria siku ya kusikilizwa. Maombi yakatupwa, na baadaye dalali wa mahakama akaja kuchukua gari langu la mizigo.

Tahadhari: usihesabu siku kwa kichwa, usipakie nyaraka kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama usiku wa mwisho ukaacha ada haijalipwa, na ukiona hutawahi, omba muda kabla tarehe haijapita.

Maswali

Mkazi wa Himo: Mkuu, nikikataa kusaini wito, si watakuwa hawajanipata?
Jibu: Hapana. Mpeleka wito ataubandika mlangoni pako na kuapa kwamba amefanya hivyo.

Kijana wa Majengo: Kwani utetezi ni siku ngapi?
Jibu: Hatua ya 2, mdogo wangu. Imeandikwa.

Mama wa Kiboroloni: Samahani kaka, binti yangu mtu mzima alipokea wito nikiwa sokoni. Unahesabika? Na Kiingereza sikijui.
Jibu: Umeuliza vyema, dada. Usipopatikana, mtu mzima wa familia anayeishi nawe anaweza kupokea, kwa hiyo hesabu tangu siku ile. Kuhusu lugha usiogope, kwani marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Vilevile tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Hao huwasaidia bure wasio na uwezo. Nenda na wito wenyewe, si picha ya simu.

Seremala wa Pasua: Dalali anaweza kubeba randa yangu?
Jibu: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga zana za kazi za fundi, na ni vyema umwoneshe mapema kwamba ndizo unazofanyia kazi. Gari langu halikuhesabiwa kuwa zana, na mbao zilizokuwa juu yake nilipewa nusu saa kuzishusha.