Poka ya dola moja: namna ya kubadili mchezo kadiri chipu zinavyopungua

Kwenye video, bingwa wa poka anahangaika kumfanya mwenzake atupe karata nzuri. Kwenye mashindano ya mtandaoni ya tiketi ya dola 1 au 2, hakuna anayetupa kitu. Ndiyo maana mwana Kigoma aliyejifunza kwa video hizo hufulia mapema: anapiga mikwara kwa watu wasiotishika. Kwenye tiketi ndogo kuna mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni namna ya kucheza na mtu king'ang'anizi, la pili ni namna ya kubadilika kila chipu zako zinapopungua zikilinganishwa na blaindi. Mengine ni mapambo.

Tunazungumzia Texas Hold'em, ambapo kila mmoja hupewa karata mbili na tano za wote hufunguliwa mezani (tatu kwanza, kisha ya nne, kisha ya tano), na tunachukulia kwamba tayari unajua jozi inashindwa na nini. Chipu ni vipande vya kuchezea badala ya fedha. Blaindi ni madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, na hapa kila kitu tutakipima kwa blaindi kubwa. Anti ni mchango mdogo wa kila mchezaji kabla karata hazijagawiwa. Poti ni fungu la katikati. Kusukuma ni kuweka chipu zako zote kwa mara moja.

Kabla ya kukaa mezani

Soma saa vizuri. Ratiba nyingi huandikwa kwa saa za Ulaya au UTC (saa ya kimataifa), na sisi Tanzania tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Mashindano ya 18:00 UTC yanaanza saa 3 usiku hapa. Yakiwa na watu elfu moja na kila kiwango cha blaindi kinadumu dakika 10, tegemea saa 5 au 6 za kucheza, yaani meza ya mwisho inakukuta saa 8 au 9 usiku. Anayetakiwa kuwa Kibirizi alfajiri kupokea dagaa achague turbo, ambazo viwango vyake huwa vya dakika 5 hivi, au acheze ya mchana. Maamuzi makubwa ya fedha yako mwishoni, na kuyafanya huku unasinzia ni kugawa zawadi kwa wenzako.

Hakikisha unacheza kwa mwendeshaji mwenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Sheria ya 2003 ndiyo inayosimamia michezo hii, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

Mtaji uwe wa tiketi zisizopungua 100 kwa mashindano ya meza moja, na 200 au zaidi kwa yale ya mamia ya watu. Sababu ni hesabu tu: kwa kawaida hulipwa asilimia 10 hadi 15 ya washiriki, na fungu kubwa linakwenda kwa watatu wa juu. Mchezaji mzuri kabisa anaweza kupita makumi ya mashindano bila kuona senti. Angalia pia ada. Tiketi ya dola 1.10 ina senti 10 za mwendeshaji, yaani asilimia 9 ya fedha yako imeondoka kabla hujapewa karata. Kama fedha ya kodi ya nyumba imo ndani ya mtaji huo, huo si mtaji.

Halafu mtandao. Ukikatika, mashindano hayakusubiri: blaindi zinaendelea kukatwa, na zamu ikikufikia mbele ya dau, karata zako zinatupwa. Kosa la kawaida ni kuamini kwamba laptop ikiwa na chaji umeme ukikatika hakuna shida, kumbe ruta ya ukutani imezima nao. Weka laini mbili za kampuni tofauti, simu ya pili ikiwa na bando tayari, na pawabenki iliyojaa. Zima masasisho ya programu. Poka yenyewe haili data nyingi kama video.

Chipu nyingi: blaindi 50 na kuendelea

Mashindano mengi huanza na kitu kama chipu 5,000 na blaindi 25/50, yaani blaindi 100. Hapa cheza karata chache, lakini ukicheza weka dau kubwa. Tuseme wawili mbele yako wameingia kwa 50 kila mmoja bila kupandisha, nawe una K mbili. Pandisha hadi blaindi 3, ongeza moja kwa kila aliyeingia: 250. Kama unaona meza inafuata hata hiyo, weka 300. Usiwaachie waingie bure, kwa sababu A mbili hushinda takriban asilimia 85 mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote, lakini mbele ya wanne hushuka hadi kama 56. Karata ni zile zile, umati ndio umezishusha.

Karata tatu za mezani zikifunguliwa, ukubwa wa dau ndio unaokulipa. Tuseme poti ina 600, una jozi ya juu (karata yako moja inalingana na kubwa kuliko zote mezani), na mezani kuna kopa mbili. Mpinzani ana kopa mbili mkononi, anasubiri ya tano. Zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 asizoziona: ana asilimia 19 ya kuipata kwenye karata inayofuata. Ukiweka 150, anatakiwa kulipa 150 ili ashindanie jumla ya 900, sawa na asilimia 17. Umempa bei nzuri. Ukiweka 400, analipa 400 kwa jumla ya 1,400, karibu asilimia 29, na kila akifuata anakula hasara hata siku atakayokushinda. King'ang'anizi atalipa 400 kwa moyo ule ule ambao angelipa 150. Kwa hiyo theluthi mbili ya poti, hata robo tatu, ndiyo iwe kawaida yako ukiwa na karata nzuri.

Ukiwa huna kitu, weka dau moja kama mpinzani ni mmoja na karata za mezani ni mbaya kwake, akifuata, acha. Mkwara wa pili na wa tatu kwa mtu asiyetupa karata ni sadaka.

Jozi ndogo, kama 4 mbili, hupata ya tatu kwenye karata tatu za kwanza takriban mara 1 kati ya 8 au 9. Fuata dau ikiwa tu wewe na aliyepandisha nyote mna angalau mara 15 ya dau hilo. Kapandisha 150? Nyote muwe na 2,250 au zaidi. Pungufu ya hapo, hata ukipata hizo tatu, hutalipwa kiasi cha kufidia mara ulizokosa.

Na jambo ambalo watu wengi wa tiketi ndogo hulipia kila siku: mtu aliyekuwa anafuata tu kimya kimya, akipandisha ghafla kwenye karata ya nne au ya tano, tupa jozi yako moja. Hata kama ni A mbili. Mtu wa namna hiyo hapandishi kwa mkwara.

Kusoma meza kwa mizunguko miwili

Usihangaike na takwimu nyingi. Katika migawo 20 ya mwanzo hesabu nani ameingia mara ngapi, kisha mwandikie alama kwenye sehemu ya maelezo ya programu. Aliyeingia mara 10 au zaidi bila kupandisha ni mfuataji: mwekee madau makubwa, usimtishe. Aliyeingia mara nyingi na kupandisha kila mara ni mwenye fujo: subiri karata nzuri umwache ajimalize mwenyewe. Aliyeingia mara moja au mbili ni bahili: mwibie blaindi zake, na akipandisha mpishe. Hamisho la meza likikupeleka kwingine, anza upya.

Blaindi 20 hadi 40

Jozi ndogo sasa hazilipi tena, na kufukuzia karata za aina moja kunakula chipu ambazo utazihitaji. Kama hakuna aliyeingia mbele yako, punguza kupandisha hadi blaindi 2 au 2.2. Anti zikianza, poti kabla ya mchezo huwa na kama blaindi 2.5. Ukipandisha 2.2 kuichukua, inatosha wakutupie mara 47 kati ya 100 ili usipate hasara. Lakini tazama kwanza nani amekaa kwenye blaindi: hesabu hiyo inamhusu bahili, kwa mfuataji haifanyi kazi.

Blaindi 12 na kushuka

Hapa ni kusukuma au kutupa. Mwenye blaindi 10 anayepandisha 2.5 kisha akatupa baada ya kusukumiwa, amegawa robo ya mali yake bila kuona hata karata moja ya mezani. Ukiwa na 10 na umekaa kwenye kiti cha mgawaji, yaani zimebaki blaindi mbili tu baada yako, wote wametupa, sukuma kwa jozi yoyote, A yoyote, K na 9 kwenda juu, na karata mbili za picha. Ukiwa wa kwanza kucheza kwenye meza ya watu tisa, kaza: jozi ya 6 kwenda juu, A na J kwenda juu. Kwa kiti cha mgawaji majedwali ya kitaalamu yanaruhusu zaidi, hata karata ndogo zinazofuatana za aina moja, lakini yanadhani wapinzani wanatupa ipasavyo. Wa dola moja hatupi. Ondoa karata hizo ndogo, baki na A na jozi.

Ukiwa wewe ndiye wa kuamua kufuata, piga hesabu kabla ya kuogopa. Umekaa blaindi kubwa, mtu amesukuma 6, mwenye ndogo ametupa. Unatakiwa kuongeza 5, na poti, bila kuhesabu anti, itafika 12.5: unahitaji asilimia 40. Q na 10 mbele ya A na 5 ina kama 43, inatosha. Mbele ya K mbili iko chini ya 20. Swali basi ni jina la aliyesukuma. Mwenye fujo, fuata. Bahili, tupa.

Usikubali kushuka chini ya blaindi 5 ukisubiri A mbili. Ukifika huko, hata bahili anakufuata kwa sababu hana cha kupoteza.

Mpaka wa zawadi

Sehemu hii ndiyo inayowashinda hata wazoefu, kwa sababu chipu huacha kuwa na thamani sawa na fedha. Chukua mfano: zawadi ni dola 100, zimegawanywa 50, 30 na 20. Mmebaki wanne, kila mmoja ana chipu sawa, na wa nne hapati kitu. Thamani ya kila mmoja ni dola 25. Mtu anakusukumia zote. Ukifuata na kushinda, una nusu ya chipu zote: nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni 1/2, wa pili 1/3, wa tatu 1/6. Zidisha: 25 na 10 na 3.33, jumla dola 38.33. Chipu zimeongezeka mara mbili, lakini fedha haikufika 50.

Kwa hiyo unahatarisha 25 kutafuta 38.33, na ukigawanya unapata asilimia 65. Ungekuwa mchezo wa kawaida, 50 ingetosha. A na K mbele ya Q mbili ina kama 43, mbali kabisa. Na zile dola zilizopungua zimekwenda wapi? Wale wawili waliokaa pembeni wamepanda kutoka 25 hadi 30.83 kila mmoja, bila kugusa karata. Kila watu wawili wanapogongana karibu na mpaka, waliotulia wanalipwa.

Kinyume chake, kusukuma wa kwanza ni bora kuliko kufuata, hasa ukiwa na chipu nyingi kuliko mwenye chipu za wastani anayeogopa kutoka. Usimsukumie mwenye chipu mbili tatu asiyejali, wala yule ambaye umeshaandika kuwa ni mfuataji. Hajui hesabu hii, na kutojua kwake kutakugharimu wewe. Kwenye mashindano ambayo zawadi ni tiketi sawa kwa wote, ukiwa na chipu nyingi na amebaki mmoja tu kutoka, tupa hata A mbili.

Mkifika wawili

Mwenye kiti cha mgawaji ndiye analipa blaindi ndogo. Anacheza wa kwanza kabla ya karata za mezani na wa mwisho baada ya hapo. Kutoka kiti hicho pandisha karata nyingi, zaidi ya nusu. Kutoka kingine punguza. Jozi yoyote sasa ni karata nzuri, na A peke yake inatosha kusukuma ukiwa na blaindi 12 au pungufu.