Umempenda arowana huko ugenini? Shughulikia vibali kabla hujalipa hata senti

Ndugu zangu mnaosoma au kufanya kazi Malaysia, Singapore na Indonesia, nawaandikia nyie kwanza maana najua mkiingia kwenye duka la samaki wa mapambo lazima msimame kwenye lile tangi refu la peke yake, samaki mmoja tu ndani, mrefu kama mkono, magamba makubwa kila moja lina ukingo unaong'aa, afu pale kidevuni ana ndevu mbili zimenyooka mbele. Huyo ndo arowana wa Asia. Wachina wanamuona kama joka, wanaamini analeta bahati, ndo maana utamkuta hotelini na kwenye ofisi za wafanyabiashara. Mimi mwenyewe nimefuga samaki miaka mingi na sijaona anayegeuka majini kwa madaha kama yule, kwahiyo simlaumu mtu anayetaka kurudi naye nyumbani.

Lakini samaki huyu hanunuliwi leo ukapanda naye ndege kesho.

Jamaa yangu mmoja wa Tanga alikuwa anamaliza masomo Kuala Lumpur, akanipigia simu siku ya Jumatano kwa furaha kabisa. "Kaka, nimeshalipa, karatasi zote ninazo, Ijumaa nasafiri." Nikamuuliza karatasi gani mdogo wangu. "Cheti, kina jina la shamba na namba ya chipu, kina mpaka picha ya samaki." Nikamwambia hicho ni cheti cha kuzaliwa, pasipoti iko wapi? Akanyamaza. Hakuwa na kibali cha kumtoa Malaysia, huku nyumbani hakuna ofisi hata moja iliyokuwa inajua kama anakuja na samaki, na zimebaki siku mbili. Samaki akabaki kwa rafiki yake na hela ndo ikaenda hivyo. Muuzaji alimwambia "papers complete" na hakudanganya, kwa mtu anayeishi palepale karatasi zilikuwa zimekamilika kweli, ila mvuka mpaka zake ni nyingine.

Sasa tuanze mwanzo. Kitu cha kwanza ni jina la kisayansi, maana neno arowana peke yake linachanganya watu. Arowana wa Asia anaitwa Scleropages formosus, awe mwekundu wa mto Kapuas kule Kalimantan Magharibi, Indonesia, awe wa dhahabu wa Malaysia, awe wa kijani, wote ni huyohuyo na sheria ni ileile, na yule wa Myanmar mwenye michoro kama maandishi kwenye magamba naye amehesabiwa humohumo. Arowana wa fedha wa Amerika Kusini ni mwingine kabisa, yeye hayumo kwenye orodha ya CITES nitakayoieleza hapa chini. Hata sisi Afrika tuna ndugu yake wa mbali, Heterotis niloticus, yuko mto Nile na ziwa Turkana, huko madukani wanamuita arowana wa Afrika. Kwahiyo ukiandikia ofisi yoyote usiandike "nataka kuleta arowana" ukaishia hapo, andika jina kamili, la sivyo utajibiwa habari za samaki mwingine.

Huyu wa Asia yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na amekuwa humo tangu mkataba unaanza kazi mwaka 1975. Kiambatisho cha Kwanza ndo cha wakubwa, ndo alipo chui, ndo alipo sokwe. Watu wanashangaa samaki wa kwenye tangi anafanya nini kwenye daraja la chui wakati madukani amejaa. Sababu ni kwamba waliojaa ni wa mashambani, wa mtoni wamebaki wachache. Arowana hatagi mayai maelfu kama samaki wengine wengi, anataga machache tu, dume anayabeba mdomoni na watoto wakitotolewa anaendelea kuwabeba humohumo wiki kadhaa bila kula vizuri. Mvuvi akimkamata dume mmoja kwa wakati ule anakuwa amebeba familia nzima, na anachukua miaka mitatu minne mpaka kukomaa. Ndo maana karatasi zinakazwa, ni kuhakikisha huyo wa kwako katoka bwawani na hakuibiwa mtoni.

Na hapo ndo chipu inapoingia. Samaki wa shamba lililosajiliwa anakuwa na kachipu kadogo kama punje ya mchele ndani ya nyama ya mgongo, na shamba linakupa cheti chenye namba hiyohiyo. Ukiwa dukani usiridhike kuoneshwa cheti. Mwambie muuzaji apitishe skana kwenye samaki mbele yako, isome namba tarakimu kwa tarakimu ukiwa umeshika cheti mkononi. Namba ikipishana hata moja, ondoka. Skana isipolia kabisa, ondoka pia, hata kama bei ni nusu, tena hasa kama bei ni nusu. Afu uliza kama shamba lenyewe limesajiliwa CITES kwa kuzalisha spishi hii, kuna rejista ya kimataifa ya mashamba hayo na mtu yeyote anaweza kuiangalia mtandaoni. Fanya haya yote kabla hujatoa hela, hata ya kushikia.

Vibali vyenyewe vinaanzia kule unakoenda, na hapa ndo wengi tunakosea kwa sababu samaki yuko huku kwahiyo unahisi uanzie huku. Kanuni ya Kiambatisho cha Kwanza ni kwamba nchi inayotoa mnyama haikupi kibali cha kumtoa mpaka iridhike kwamba nchi inayompokea imeshatoa kibali cha kumuingiza. Kuna nafuu kidogo kwa samaki wa shamba lililosajiliwa, mkataba unamchukulia kama yuko Kiambatisho cha Pili, kwenye kibali chake chanzo kinaandikwa kwa herufi D, na kwa mkataba wenyewe kibali cha kutoa kinatosha. Ila usikimbilie hiyo nafuu, nchi inaruhusiwa kuwa na sheria kali kuliko mkataba na nyingi zinadai kibali cha kuingiza hata hivyo. Uliza nyumbani kwanza, kwa maandishi, na lile jibu ulitunze.

Kwa Tanzania ofisi ya CITES iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, idara ya wanyamapori. Kwa Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori. Waambie jina la samaki, chanzo (shamba, sio mtoni), nchi unayotoka naye, idadi, na kwamba ni wa kufuga sio wa kuuza. Afu kuna mlango wa pili ambao watu wanausahau kabisa, ni watu wa uvuvi na afya ya mifugo. CITES inahusika na kutoweka kwa samaki, hawa wanahusika na magonjwa na samaki wageni kuingia kwenye maji yetu, na ukishawaza maziwa tuliyonayo utaelewa kwanini wanauliza maswali. Kibali cha mmoja hakifuti cha mwingine. Vipate vyote viwili.

Kama nyumbani kwako ni Marekani, kwa kufuga tu, sahau. Arowana wa Asia yumo kwenye sheria yao ya viumbe walio hatarini tangu 1976 na hata cheti kizuri vipi hakikusaidii. Walioko Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, samaki huyu yuko kwenye kundi lao kali zaidi, kibali cha kuingiza ni lazima kipatikane kabla hajaondoka huko alipo.

Ukishapata jibu na kibali cha nyumbani, sasa ndo unarudi kwa muuzaji. Malaysia wanaoshughulika ni Idara ya Uvuvi, Singapore ni NParks, bodi yao ya hifadhi za taifa, na mara nyingi shamba lenyewe linakuombea kwasababu ndo kazi yao ya kila siku, wewe unawapa pasipoti yako, anuani ya nyumbani na nakala ya kibali cha kuingiza. Kibali kikitoka usikikunje ukakiweka kwenye begi, kaa chini ukisome. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Jina la kisayansi liwepo. Namba ya chipu iwepo na ifanane. Idadi ni 1. Tarehe ya mwisho iangalie sana, kibali cha kutoa kinaishi miezi 6 isizidi, cha kuingiza cha Kiambatisho cha Kwanza miezi 12, na kila kimoja ni cha safari moja tu. Inatakiwa karatasi halisi yenye muhuri na saini, fotokopi wala picha ya kwenye simu haipiti. Na siku ya kuondoka hakikisha afisa wa pale uwanjani amegonga muhuri na kuandika idadi iliyotoka, watu wanapita haraka hapo afu wanakwama upande wa pili.

Kuna wanaosema "huyu ni mnyama wangu wa nyumbani, ni mali binafsi kama begi langu". Msamaha wa mali binafsi upo kwenye mkataba, ila haumhusu kiumbe wa Kiambatisho cha Kwanza uliyempata nje ya nchi unayoishi ukawa unamuingiza kwenu. Yani wewe msafiri hasa ndo umetajwa. Na aliyekaa huko miaka mingi akawa anahama na vitu vyake vyote asijipe uhakika mwenyewe, aulize ofisi zote mbili, ya huko na ya nyumbani.

Cheti cha afya kinatoka kwa daktari wa mifugo wa serikali kule, na kina siku zake, kwahiyo kiwe cha karibu na safari. Tiketi kata baada ya hapo. Mashirika mengi hayataki samaki hai kwenye kabati la abiria, anaenda kwa kargo, na wanafuata kanuni za wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kwahiyo wapigie kabla ya kulipa. Kama unaunganisha Doha au Dubai waambie tangu mwanzo, samaki abaki chini ya forodha bila kutoka nje, ukimtoa tu umemuingiza nchi ya watu.

Kufungasha waachie shamba lakini simama uangalie. Samaki hapewi chakula siku moja au mbili kabla, ili asichafue maji njiani. Mfuko wa plastiki ni miwili au mitatu, mmoja ndani ya mwingine, pembe zimefungwa ziwe za mviringo asije akabanwa kichwa, maji theluthi moja hivi na juu ni oksijeni, afu ndani ya lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wa barafu. Mtoto wa sentimita 15 anasafiri vizuri kuliko mkubwa. Nakala za vibali zibandike juu ya boksi, zile halisi zikae nawe mwilini.

Ukifika usipite njia ya "sina cha kutangaza". Nenda forodhani, fungua mdomo kabla hujaulizwa, toa karatasi zote kwa pamoja. Watataka kusoma chipu, kwahiyo uliza mapema kama pale uwanjani wana skana, ukiweza kuazima yako njoo nayo. Chipu na karatasi zikikubaliana unaondoka naye. Zisipokubaliana anachukuliwa na unaweza kushitakiwa.

Nyumbani usimtoe haraka, elea mfuko kwenye tangi mpaka joto lifanane, zima taa, mwache atulie. Na zile karatasi weka kwenye faili moja na hati za nyumba, samaki huyu anaishi miaka 20 na zaidi na siku ukitaka kuhama nchi au kumpa mtu, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kile kibali alichoingilia.