Bumu (pesa ya kujikimu ya mwanafunzi wa chuo) likiingia, choroko kabla ya bando

Kwa mlo mmoja wa uhakika kila siku, mwezi mzima, mtu mmoja atosheke na mchele kilo 6, choroko kilo 2 na dagaa wakavu kilo 1. Nunua siku ileile pesa inapoingia. Choroko ni bora kuliko maharage kwa anayepika chumbani: hazihitaji kurowekwa na hazili gesi nyingi. Dagaa waanike tena juani kabla ya kuwafungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Penye hewa ya unyevu, ukungu hauchelewi.

Kosa kubwa ni kuzima njaa kwa chai ya rangi au kinywaji cha kuongeza nguvu. Kafeini, kichangamshi kilichomo humo, kwenye tumbo tupu huweza kuleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na hofu, hasa wiki ya mitihani. Ukijihisi hivyo, kula kwanza, hata kipande cha boflo (mkate) na choroko za jana, subiri nusu saa, ndipo uangalie kama hali imetulia. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili ilhali unakula, muone mshauri wa wanafunzi chuoni. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki: nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.