Kuandika na kuhariri kurasa za tovuti bila kuondoa mikono kwenye kibodi

Mwongozo huu umetokana na siku nilizoketi na dada mmoja anayetunza tovuti ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Masaka, Uganda. Kila msimu hubadilisha kurasa zilezile, yaani bei, vituo vya kupokelea kahawa na matangazo ya mikutano, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiganda, na kazi hiyo ilikuwa ikimla siku nzima kwa sababu mkono wake ulikuwa haukomi kwenda kwenye kipanya na kurudi. Ninachukulia kwamba msomaji anatumia Windows, na kwamba tovuti yake inaendeshwa na WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, yenye kihariri cha bloku (yaani kila aya, kichwa, picha au orodha ni kipande chake, kinachoitwa bloku), ambacho kimekuwa kihariri cha kawaida tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018. Namna ya kuingia kwenye dashibodi na kufungua ukurasa siielezi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kibodi inaandika kile kilichochapwa juu yake

Wafundishaji wengi huiruka hatua hii, lakini ndiyo iliyotugharimu muda mrefu kuliko nyingine zote. Kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, ambazo ofisi nyingi hununua, huja na kibodi za aina mbili: baadhi zina mpangilio wa Uingereza na baadhi wa Marekani. Katika mpangilio wa Uingereza, Shift pamoja na 2 hutoa alama ya kunukuu, Shift pamoja na 3 hutoa £, alama ya @ iko karibu na Enter, na # ina kitufe chake. Katika mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa @, na Shift na 3 hutoa #. Windows haijui kilichochapwa kwenye vitufe. Inafuata mpangilio uliowekwa katika mipangilio yake.

Shida huanza pale mipangilio yote miwili inapokuwa imewekwa kwa pamoja, kwa sababu kitufe cha Alt cha kushoto kikibonyezwa pamoja na Shift huhamisha kibodi kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine. Njia nyingi za mkato za WordPress, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja badala ya kutumia kipanya, hutumia vitufe hivyohivyo viwili pamoja na herufi ya tatu, kwa hiyo ukisita na kuviachia kabla ya kuigusa herufi hiyo, mpangilio unabadilika kimya kimya. Kwenye mashine nyingine Ctrl na Shift hufanya vivyo hivyo, na kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi hubadilisha pia. Dada huyu alikuwa na nywila yenye alama ya @ ndani yake. Siku nyingine tovuti iliikubali, siku nyingine iliikataa, naye akaamini kwamba kuna mtu aliyeiiba akaibadilisha. Kwa kuwa nywila huonekana kama vitone tu, hakuwa na njia ya kuona kwamba alichokuwa akiandika ni alama ya kunukuu.

Tiba yake ni hii. Fungua programu ya Notepad, andika Shift na 2, kisha Shift na 3, ulinganishe kinachotokea na kilichochapwa kwenye vitufe. Ukishajua mpangilio upi ndio wa mashine yako, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya saa na lugha, uondoe ule mwingine. Kisha, katika sehemu hiyohiyo, tafuta mipangilio ya ziada ya kibodi, na humo ukute vitufe vya kubadilishia lugha. Chagua kwamba visipewe mfuatano wowote. Usiache nusu ya pili ya tiba hii, kwa maana mpangilio ulioondolewa huweza kurudi siku moja bila kuitwa, hasa baada ya Windows kusasishwa, na vitufe hivyo vikiwa bado vinafanya kazi tatizo litarudi nao. Ikiwa mashine inatumiwa na watu kadhaa ofisini, kubalianeni kwanza, kwani huenda mwenzako ameuzoea mpangilio unaotaka kuuondoa.

Hatua ya pili: kusogea na kuteua maneno

Hapa ndipo kasi yenyewe inapopatikana. Mhariri hutumia muda mwingi zaidi kufika kwenye neno na kuliteua kuliko kuliandika, na ndiyo maana huwaambia watu wajifunze kusogea kabla ya kujifunza jambo lingine lolote. Ctrl pamoja na mshale wa kushoto au kulia hurusha kishale, yaani kile kistari kinachomweka mahali unapoandika, neno zima. Home na End hukipeleka mwanzo na mwisho wa mstari. Ukiongeza Shift kwenye mojawapo ya hizi, unateua maandishi yote unayoyapita. Ctrl na Backspace hufuta neno zima lililo nyuma ya kishale. Kwenye mashine ndogo Home na End mara nyingi hupatikana kwa Fn pamoja na mishale ya kushoto na kulia.

Kwa Kiswahili, njia hizi zina faida ya pekee, kwa sababu sisi hubadilisha zaidi mwanzo wa kitenzi kuliko mwisho wake. Tangazo la msimu uliopita linasema "wakulima wanaleta", nawe unataka lisome "wakulima walileta". Kishale kikiwa mwisho wa kitenzi, bonyeza Ctrl na mshale wa kushoto mara moja, utakuwa mbele ya kiambishi cha nafsi. Songa kulia mara mbili, bonyeza Delete mara mbili, andika "li". Fanya zoezi hili kwenye aya nzima hadi vidole vizoee, ndipo uendelee.

Hatua ya tatu: kunakili na kubandika

Ctrl na C, X, V na Z unazifahamu. Ongeza Ctrl, Shift na V, inayobandika maneno matupu bila rangi na ukubwa wa herufi uliotoka kwenye barua pepe au Word. Kwenye tovuti, nashauri itumike karibu kila mara.

Ya pili ni Windows na V, inayoonyesha mambo 25 ya mwisho uliyonakili. Mara ya kwanza itakuomba uiwashe. Orodha hiyo hufutika kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, isipokuwa vile ulivyovibana kwa alama ya pini. Kwa anayeandika Kiganda hili ni jambo kubwa, kwa kuwa herufi ŋ haina kitufe chake. Inakili mara moja kutoka kwenye ukurasa wowote wa Kiganda, ibane, na tangu hapo iko mikononi mwako. Hata hivyo, nywila uliyoinakili nayo hubaki katika orodha hiyo, kwa hiyo kwenye mashine ya pamoja ifute.

Hatua ya nne: bloku

Kwenye aya tupu, andika mkwaju / na mwanzo wa jina la bloku unayoitaka, kisha Enter. Alama ## na nafasi hugeuza aya kuwa kichwa cha ngazi ya pili, na kistari na nafasi huanzisha orodha. Ctrl na K huweka kiungo kwenye maneno uliyoyateua. Ctrl, Alt na Y huongeza bloku baada ya ile uliyomo, na herufi T huiongeza kabla yake. Lakini kwenye Ubuntu, mfumo ambao baadhi ya kompyuta hutumia badala ya Windows, Ctrl, Alt na T hufungua dirisha la amri, kwa hiyo hapo tumia ile ya Ctrl, Alt na Y tu. Shift, Alt na H huonyesha orodha yote ya njia za mkato, na sioni haja ya kukariri zaidi ya hizi.

Kazi iliyokuwa ikimchosha zaidi dada huyu ni kubadilisha bei ileile mahali pengi katika ukurasa mmoja. Ctrl na F ya kivinjari hutafuta tu, haibadilishi. Bonyeza Ctrl, Shift, Alt na M ili kuona msimbo wa ukurasa, yaani maandishi yake pamoja na alama za kompyuta zinazoupanga, weka kishale ndani ya msimbo, teua wote kwa Ctrl na A, unakili, uubandike kwenye Notepad, kisha bonyeza Ctrl na H, inayotafuta maneno na kuweka mengine badala yake. Hapo badilisha moja baada ya nyingine, si zote kwa mkupuo, kwa sababu 5000 imo pia ndani ya 15000, na tarakimu hizohizo huweza kuwamo katika majina ya picha. Usitumie Word kwa kazi hii kamwe: Word huweza kugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na bloku zinazotegemea alama hizo huharibika. Ukimaliza, rudisha msimbo mahali pake na ubonyeze tena vitufe vilevile vinne.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Kwa kawaida WordPress huhifadhi yenyewe kila baada ya sekunde 60, lakini umeme wetu hausubiri, basi bonyeza Ctrl na S kila baada ya aya. Fahamu tu kwamba kwenye rasimu vitufe hivyo huhifadhi rasimu, ilhali kwenye ukurasa uliokwisha kuchapishwa hupeleka mabadiliko yako hewani papo hapo. Kwa ukurasa wa bei, ambao mkulima huusoma kabla ya kupakia magunia yake, fanyia kazi rasimu pembeni, mtu wa pili azisome tarakimu, ndipo uzihamishie kwenye ukurasa wenyewe.