Jinsi ya kuomba kiti cha mfalme kwenye kanda yetu ya NationStates, na kwa nini mrithi ndo kitu cha kwanza

NationStates ni mchezo wa mtandaoni, kila mtu anaongoza taifa lake na mataifa yanakaa pamoja kwenye kanda. Kiti cha mfalme wa kanda yetu kinafunguliwa tena mwisho wa mwezi huu na tayari maombi matatu yameingia, yote matatu hayana jina la mrithi, kwa hiyo naandika hapa hatua zote ili mtu yeyote, awe Kampala, Gulu au Arua, aombe vizuri mara moja.

Kabla ya yote taifa lako liwe ndani ya World Assembly, chombo cha mchezo ambapo mataifa yanapigia kura maazimio, sisi tunaiita Baraza. Unabonyeza kuomba, wanakutumia imeili yenye linki, unaifungua linki, umeingia. Mtu mmoja anaruhusiwa taifa moja tu ndani ya Baraza hata kama nje unacheza na mataifa kumi, ukiingiza la pili wasimamizi wa mchezo wanakutoa, na hapo sisi hatuna la kukusaidia.

Alafu barua. Unamwandikia Katikkiro, jina tumeliazima Buganda, ndo waziri mkuu wetu. Ukurasa mmoja unatosha: jina la taifa lako, umekaa kwenye kanda muda gani (tunataka siku 60 kwenda juu), wadhamini wawili, utafanya nini, na mrithi wako. Mrithi asiwe mdhamini wako, na lazima yeye mwenyewe aandike chini kwamba amekubali, sio wewe umwandikie.

Ngoja nieleze hili la mrithi maana watu wanalichukulia kama mapambo. Mfalme wetu mmoja alisafiri Karamoja kikazi, kule alikokaa network ni ya kutafuta juu ya mlima, na NationStates taifa lisipofunguliwa siku 28 linafutika. Lake likafutika. Unaweza kulifufua ukirudi, yeye alilifufua, lakini uanachama wa Baraza ulishaenda na endosimenti zote (yaani uungaji mkono ambao mataifa mengine ya Baraza yanakupa) zilishaenda nao, na sisi huku tulikuwa hatujui nani anashika, kila mtu anasema mimi, wanachama wakaanza kuhama. Iliniuma sana kwa sababu kanda ile tuliijenga kwa mikono yetu. Na sio mambo ya mchezo tu, Busoga wenyewe Kyabazinga, yaani mfalme wao, anachaguliwa miongoni mwa machifu wa kurithi, na baada ya Henry Wako Muloki kufariki 2008 walivutana mpaka 2014 ndo William Gabula Nadiope akatawazwa. Miaka sita banange! Wapolandi wa zamani waliokuwa wanachagua wafalme wao kuanzia 1573 waliliona hilo mapema, kiti kikiwa wazi askofu mkuu wa Gniezno ndo anashika nchi mpaka mfalme mpya apatikane. Kwetu anayeshika ni mrithi, kwa siku 14, alafu uchaguzi. Hageuki mfalme hivi hivi, hilo lieleweke.

Kama unajua utasafiri, washa vacation mode kwenye settings, inakupa siku 60 badala ya 28. Fanya kabla hujapanda basi.

Kura inapigwa kwenye grupu la WhatsApp kwa masaa 72, tumeweka masaa mengi kwa ajili ya wenye shida ya data na umeme. Anayepita nusu ameshinda, asipopatikana wawili wa juu wanarudiana.

Sasa hapa ndo pagumu. Kushinda kura yetu hakukufanyi mfalme ndani ya mchezo, mchezo haujui habari za WhatsApp, wenyewe unamtambua delegeti tu, yaani mwakilishi wa kanda kwenye Baraza, na delegeti ni yule mwenye endosimenti nyingi kuliko wote wakati wa apdeti, yaani pale mchezo unapohesabu kila kitu upya. Apdeti ziko mbili kwa siku, kwa saa zetu zinaanza saa moja hivi asubuhi na saa moja jioni, Marekani wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa mbili. Kwa hiyo mfalme anayetoka anawaomba watu wakuendosi wewe, wakishafika wengi ndo wanaanza kutoa zile zake, kidogo kidogo. Usiruhusu watoe zake kwanza! Kukiwa na pengo, wavamizi wanaingia na mataifa yao dakika chache kabla ya apdeti, wanaendosiana wao kwa wao, na ukiamka asubuhi delegeti ni mtu humjui. Pia endosimenti inahesabika kwa wanachama wa Baraza walio ndani ya kanda yetu tu, na wewe ukihama hata kwa dakika moja zako zote zinapotea.

Ukishakaa, nguvu zako ni hizi. Kwenye Baraza kura yako inahesabika moja pamoja na moja kwa kila endosimenti uliyonayo, ni uzito mkubwa, ndo maana lazima uulize wanachama kwanza. Kufukuza taifa unaweza ila kunakula ushawishi wako (pointi ambazo mchezo unakupa) na unachukua muda mrefu kurudi, na kwa sheria yetu Katikkiro akubali kabla. Chama huingii, tumefuata katiba ya Uganda ibara ya 246 inayowakataza viongozi wa kimila siasa za vyama. Muda wa kukaa tumeuiga Malaysia, kule watawala tisa wanachagua mmoja wao kwa miaka 5, kwetu ni miezi 5.

Barua zinapokelewa mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mtumie Katikkiro kwa telegramu ndani ya mchezo wala sio inbox ya WhatsApp. Wale watatu, zenu zimerudishwa leo, mtafuteni mrithi aandike, mlete tena.